Sikio la Fundi Kasimiri

Kasimiri Mahona alijua kwamba masikio yake yanamwacha siku alipobadilisha rilei ya indiketa ambayo haikuwa mbovu. Alikuwa akitoka Kiloleni, pale Tabora, na pikapu lake, akawasha indiketa akate kona ya kwenda Isevya, asisikie ile tika-tika aliyoizoea. Mshale wa kijani ulikuwa ukiwaka na kuzima vizuri kwenye dashibodi, ila mlio hapana. Alipofika gereji kwake akafungua kifuniko cha chini ya usukani, akachomoa ile rilei inayotoa mlio, akapachika nyingine. Kimya. Akapachika ya tatu. Kimya vilevile.

Binti yake Julieth akaja na kikombe cha chai, akasimama mlangoni mwa gari akimtazama.

"Baba, unatafuta nini humo?"

"Indiketa hailii."

Julieth akainamisha kichwa kidogo. "Mbona inalia? Inalia tangu nimesimama hapa."

Kasimiri akamtazama usoni aone kama anatania. Hakuwa anatania. "Ahaa," akasema, "basi ilikuwa imegoma tu." Akafunga kifuniko, akapokea chai, wala hakumweleza mtu. Alikuwa na miaka hamsini na minane.

Kwa mtu mwingine jambo hilo lingekuwa dogo. Kwa Kasimiri, sikio ndilo lililokuwa kazi yenyewe. Alikuwa ametumikia karakana ya treni miaka ishirini na sita, akitengeneza vichwa vya dizeli, na vile vifuniko vya masikio alivyopewa alivitundika kwenye msumari siku ya kwanza, visishuke tena. "Nikiziba masikio," alikuwa akiwaambia wenzake, "injini nitaiuliza kwa njia gani?" Alipotoka huko akafungua gereji uani kwake, na sifa yake ikatembea mpaka Nzega na Urambo. Dereva wa lori la tumbaku angesimama getini bila kuzima gari, naye Kasimiri, bila kuinuka kitini, angesema: "Silinda ya tatu. Zima kabla hujaiua." Wangefungua, wangekuta ni ya tatu kweli. Kwa hitilafu zilizofichama zaidi alikuwa na bisibisi ndefu yenye mpini wa mti. Ncha anaigusisha kwenye injini, mpini anauweka sikioni, anafumba macho, anasikiliza kama padri anayesikiliza maungamo. Sikio hilo ndilo lililojenga nyumba. Ndilo lililomsomesha Julieth ufundi mpaka akapata cheti, akarudi nyumbani kufanya kazi na baba yake, sasa mwaka wa nane.

Basi akaanza kuishi kwa hila. Alikaa upande ambao angeona midomo ya watu. Alijifunza kusema "eeh" na "ndivyo ilivyo" mahali panapofaa. Magari yenye milio migumu alimwachia Julieth, akisema anataka azoee. Mkewe Adelina alipolalamika kwamba redio inapigwa kama ya baa, alisema spika imekufa.

Gereji hiyo ilikuwa na baraza lake. Kila Jumapili, baada ya misa na masoko, walikuja wapenda magari kukaa juu ya matairi makuukuu na kubishana. Waliokuja bila kukosa walikuwa watatu. Sixbert, mfanyabiashara wa asali, kijana wa miaka thelathini na tisa asiyejua kusema polepole. Masolwa, mchomeleaji, mtu mnene mwenye mikono iliyojaa makovu ya cheche. Na Ciza, mwalimu wa fizikia aliyezaliwa Ulyankulu, ambaye hakuwa na gari bali baiskeli, lakini alijua habari za magari kuwashinda wenye magari. Mwaka ule kulikuwa na gari jipya la mbio lililokuwa likisubiriwa huko Ulaya, na kwa wiki nyingi walipasuana koo kuhusu injini litakayopewa, kama vile watengenezaji walikuwa wanangoja kauli ya Isevya ndipo wafunge boneti.

Jumapili moja Sixbert akachoka.

"Tunagombania gari la watu," akasema. "Tutengeneze letu. Viti viwili, la chini, jepesi. Wapagazi walitoka Ujiji kuja hapa kwa miguu na meno ya tembo mabegani. Sisi tutoke hapa asubuhi, mchana tuwe tunakula migebuka ya ziwa huko Ujiji."

Walicheka, kisha wakasogeza matairi karibu, kwa sababu waliona hatanii. Mwezi ule ule Masolwa akaanza kukata mabomba ya fremu. Likabaki suala moja tu, nalo likawa kubwa kuliko yote: ndani yake iwekwe injini gani?

"Vieiti," Masolwa akasema. "Hakuna mjadala. Silinda nane. Gari likipita, kuku wajue limepita."

"Kuku hawashindani," Sixbert akajibu. "Uzito wote huo utauweka mbele, kona utaikata na nini? Silinda sita za mstari, na tabo yake ya kuisukumia hewa. Ukikanyaga, inakaa kidogo, inavuta pumzi, halafu inakutupa."

"Hicho kidogo inachokaa ndicho kinachokuchelewesha," Ciza akasema. Alikuwa na daftari lenye michoro. "Mota ya umeme haikai. Nguvu yote unaipata papo hapo, tangu gurudumu halijazunguka hata nusu."

"Mwalimu, na betri ikiisha katikati ya pori la Kaliua," Sixbert akauliza, "utaichomeka kwenye mzinga wa nyuki?"

Wakacheka mpaka Masolwa akajifuta machozi. Ciza naye akacheka, lakini hakufunga daftari. "Na mlio je?" Masolwa akauliza. "Gari la mbio lisilo na mlio ni friji."

Kasimiri alikaa kwenye kiti chake akitazama midomo ikienda mbio. Zamani ubishi kama huo ulikuwa sukari kwake. Sasa, watu watatu wakisema kwa pamoja, sauti ziligeuka kuwa uji. Alishika neno moja moja: vieiti, tabo, betri. Mengine aliyabunia.

Mwishowe wakakubaliana. Umeme ungesubiri, maana hata hizo betri hazikupatikana. Sixbert akaleta injini mbili zilizotumika: ya silinda nane, na ya silinda sita yenye tabo. Zikafungwa juu ya vitanda vya chuma uani, kila moja na rejeta yake iliyofungwa kwa waya na galoni lake la petroli. Mwamuzi hakuhitaji kutafutwa.

"Shikamoo, mzee," Sixbert akasema asubuhi hiyo, akimshika Kasimiri mkono kwa mikono miwili. "Sisi tumebishana miezi mitatu. Leo sikio lako liseme, na litakalosema ndilo hilo."

"Marahaba," Kasimiri akajibu, akautoa mkono wake, akaichukua bisibisi.

Wakawasha ya silinda sita kwanza. Wenzake wakatabasamu, Sixbert akafumba macho kwa raha. Kasimiri akagusisha bisibisi kwenye injini, akaweka mpini sikioni. Akasikia kitu kama upepo wa mbali. Filimbi ya tabo, ambayo wengine waliionyeshea vidole hewani, kwake haikuwepo kabisa. Alisogeza bisibisi huku na huku, akitafuta. Ilikuwa kama kugonga nyumba aliyozaliwa, asifunguliwe.

Kisha wakawasha ya silinda nane, na ule mngurumo mzito ukampanda miguuni, ukaingia kifuani, ukamjaa. Aliisikia! Si kama zamani, lakini aliisikia. Machozi yalitaka kumtoka. Akaweka bisibisi na kusikiliza kitambo kirefu, kirefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu ilikuwa muda hajakaa na sauti namna ile.

Julieth alikuwa amesimama upande wa pili. Akazunguka, akamshika begani, akasema karibu na sikio lake: "Baba, kuna kitu. Mtu akiachia mafuta, chini kule kuna kakelele. Kama punje ya mchele ndani ya kopo. Naona ni beringi ya konrodi."

Kasimiri akasikiliza tena. Mngurumo tu. Akatazama nyuso tatu zilizokuwa zikimngoja. Kama angesema "sisikii," angelazimika kusema pia tangu lini. Kama angesema "binti yangu ndiye anayesikia," wangemuuliza sikio lake yeye liko wapi. Na kuna jambo jingine ambalo hakulikiri hata nafsini mwake mpaka baadaye sana: kati ya zile mbili, aliitaka ile ambayo angeweza kuisikia.

"Hizo ni tapeti za vali tu," akamwambia Julieth, kwa sauti ambayo kila mtu aliipata. "Ikipata moto zitanyamaza. Wewe bado hujakaa na injini za namna hii." Kisha akawageukia wanaume. "Ni hii. Silinda nane. Nzima kabisa."

Masolwa akaruka juu kwa furaha, mwili wote ule. Sixbert alisikitikia tabo yake dakika moja, kisha akasema, "Mzee amesema." Julieth alichukua kitambaa, akafuta mikono, akaenda kukaa jikoni kwa mama yake.

Miezi minne wakaifanya kazi. Mara moja, kabla injini haijashushwa kwenye fremu, Julieth alimfuata baba yake wakiwa wawili. "Tufungue sampu ya oili tu, baba. Kazi ya saa mbili. Tuzitazame beringi, tufunge." Kasimiri alikuwa na nafasi ya kusema ndiyo, na hakuna ambaye angejua chochote. Badala yake alisema injini nzima haifunguliwi, na alilisema kwa ukali, kwa kuwa hofu ilikuwa imekwisha kumgeukia kuwa hasira. Julieth akaitika, "Sawa, baba." Hakuuliza tena.

Sixbert akahangaikia karatasi na vibali mpaka vikatoka, na Jumamosi moja ya mwezi wa saba wakatoka kulijaribu gari. Ujiji ilikuwa bado. Siku hiyo wangefika Usinge na kurudi. Sixbert akashika usukani. Kiti cha pili alipewa Julieth, kwa sababu ndiye aliyefunga nyaya zote na alitaka kutazama geji. Kasimiri akafuata na pikapu, Ciza pembeni yake. Masolwa alibaki Tabora na kazi ya mageti.

Mpaka Urambo mambo yalikuwa matamu. Watoto walikimbia hadi ukingoni mwa lami. Kaliua wakasimama, wakanywa soda, watu wakajaa wakipiga picha. Ciza mwenyewe, mtu wa betri, alikiri kwamba mlio ule una kitu chake. Kasimiri alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo kwa mwaka mzima.

Baada ya Kaliua barabara ikaingia porini, imenyooka, miti pande zote mbili. Sixbert akaongeza mwendo. Na hapo Kasimiri akauona moshi. Ulikuwa mwembamba, wa bluu, ukitoka chini ya gari na kulala juu ya lami.

"Asimame," akasema. Akabonyeza honi. Hakujua kama inalia. "Inalia?" akamuuliza Ciza. "Inalia, mzee, inalia!" Akawasha taa na kuzizima, akawasha na kuzizima. Gari la mbele lilikuwa likizidi kwenda. Ciza akapiga simu ya Julieth. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga ya Sixbert. Ule mngurumo waliouchagua ulikuwa umewameza, na humo ndani wasingesikia simu wala honi wala mtu. Kasimiri alikanyaga pikapu mpaka mwisho, nalo pikapu lilikuwa limekwisha toa chote lilichokuwa nacho. Hapakuwa na kitu cha kufanya zaidi ya kutazama.

Konrodi, ule mkono wa chuma unaosukumwa na pistoni, ilikatika, ikatoboa ubavu wa injini. Oili ya moto ikamwagika barabarani, matairi ya nyuma yakaikanyaga, gari likazunguka mara mbili kama pia ya watoto, likatoka nje ya lami na kulala ubavu kwenye mtaro.

Kasimiri hakukumbuka jinsi alivyosimamisha pikapu. Sixbert alikuwa amekwisha toka mwenyewe, damu ikimchuruzika kwenye paji la uso, akitembea huku na huku bila kujua anakokwenda. Julieth alikuwa amekaa kwenye majani, uso wake kama jivu. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Kasimiri akapiga magoti mbele yake.

"Unasemaje, mwanangu?"

Midomo ikacheza tena. Alisema neno fupi, akalirudia.

"Sema kwa nguvu, mama, sisikii! Sikusikii!" Na huku akiomba hivyo alimshika mkono wa kulia, akauvuta amwinue. Julieth akafungua kinywa chote, akapiga ukelele, na huo hata Kasimiri aliusikia.

Ciza akamkamata mabega kutoka nyuma, akamgeuza, akasema akimtazama machoni, neno kwa neno: "Anasema usimguse mkono. Umevunjika. Amesema mara tatu, mzee."

Mfupa ulikuwa umevunjika sehemu mbili juu ya kiganja. Pikapu, lililokuwa limechemka kwa mwendo ule, liligoma kuwaka, wakapata lori la mbao likawapeleka Kaliua, na kesho yake wakahamishiwa hospitali mjini Tabora. Sixbert alishonwa nyuzi tisa, akaruhusiwa.

Siku ya nne Kasimiri aliwaita wote watatu kwenye ukumbi wa hospitali, akasimama mbele yao kofia mkononi. Akawaambia habari ya indiketa. Akawaambia kwamba Julieth alisikia beringi ile tangu siku ya kwanza, kwamba aliomba sampu ifunguliwe, kwamba yeye alikataa. Akawaambia kwamba injini ya tabo hakuisikia hata kidogo. Alikuwa amejitayarisha kutukanwa. Alitaka kutukanwa.

Sixbert alitazama sakafu. Kisha akainua uso, akasema kwa sauti kubwa ya kumsaidia: "Mzee, hata sisi tulikuwepo. Sisi tuna masikio, na hatukusikiliza." Masolwa akaenda dirishani, akakaa huko amewapa mgongo. Ciza akamletea kiti. Hayo tu. Huruma yao ikamlemea kuliko matusi, kwa sababu matusi angepata la kujibu.

Daktari wa masikio alimwambia wazi kwamba kilichoondoka hakirudi. Akapewa kifaa cha kuweka nyuma ya sikio. Kilimrudishia mambo mengi asiyoyataka: sahani za Adelina zikigongana, bodaboda, milango ya bati. Lakini akikivaa gereji, nyundo na grenda zilimchoma ubongoni, na injini ikiwashwa, milio yote ilikuja pamoja kwa ukali uleule, asijue ipi ni ya ugonjwa na ipi ni ya uzima. Akajaribu wiki tatu, mwisho akakiweka kwenye boksi lake.

Julieth aliondolewa plasta baada ya wiki nane. Kiganja hakikugeuka tena sawasawa; spana kubwa alishika kwa kushoto. Siku ya kwanza aliyorudi uani aliifungua ile injini iliyotoboka, peke yake, taratibu, huku baba yake akimtazama kutoka kitini. Alipofika kwenye beringi akaileta, akaiweka katika kiganja cha baba yake. Ilikuwa imelika mpaka shaba nyekundu inaonekana, nyembamba kama ganda la karanga. Kasimiri akaipindua mara nyingi.

"Nigombeze," akamwambia. "Hata kidogo."

Julieth akasema kitu, ameinamia injini, hakumwelekea.

"Eti?"

Akageuka. Alimtazama baba yake kitambo, kama mtu anayepima kama aseme tena ama aache. "Hakuna kitu, baba," akasema kwa sauti kubwa, na akarudi kwenye kazi. Kasimiri hakuwahi kujua ni neno gani lile la kwanza. Alilitafuta siku nyingi.

Fremu ya Masolwa ilinyooshwa. Mwezi wa kumi na moja baraza likarudi juu ya matairi yake, na ubishi ukaanza upya kana kwamba haukuwahi kukatika: Sixbert na tabo yake, Ciza na daftari jipya, maana sasa alikuwa amepata mtu wa kumuuzia betri. Masolwa alikuwa bado anasema vieiti, ila kwa sauti ya chini. Mpini wa bisibisi ndefu ulikuwa mkononi mwa Julieth. Madereva wa tumbaku walikuwa wameanza kumuuliza yeye moja kwa moja, na yeye alikuwa akijibu kwa maneno machache, hakosei.

"Shikamoo, mzee," walimsalimia Kasimiri walipofika, kila mmoja kwa zamu, wakiinama vizuri. "Marahaba," akawaitikia. Kisha wakageuza matairi kidogo, wakamkabili Julieth.

Kasimiri aliona Sixbert akiuliza swali refu kwa mikono yote miwili. Aliona Julieth akifikiri, akijibu. Aliona Masolwa akiangua kicheko, Ciza akipiga daftari gotini, Julieth mwenyewe akiziba mdomo kwa kile kiganja kibovu. Naye akacheka, kwa nguvu, mabega yakitikisika. Alikuwa bado anacheka wakati wenzake walipokwisha nyamaza, wakamgeukia kwa upole kumngoja amalize.